Bwawa tusilitazame kutoka juu tu: tushuke chini ya ukuta tuone mto unavyoishi

Mkondo wa Chini (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Karibu kila picha ya bwawa unayoiona imepigwa kutoka juu. Ziwa limetanda, maji yametulia, ukuta unang'aa juani. Mto unaoendelea na safari chini ya ukuta haumo kwenye picha, na humo ndimo madhara mengi yanamotokea. Nimeona nianzishe uzi tuuangalie mto huo. Ni mrefu, mnivumilie.

Niseme msimamo wangu mapema tusije tukatupiana maneno bure. Umeme wa maji nautumia kama mtu mwingine yeyote, na najua bwawa huwakinga watu na mafuriko na kuwapa wakulima maji wakati wa kiangazi. Ninachodai ni hiki: mto una majira yake kama shamba lilivyo na msimu. Bwawa linaweza kupitisha maji yaleyale kwa mwaka, lita kwa lita, na bado likauua mto kwa kuyapitisha wakati usio wake, yakiwa na baridi isiyo yake na bila tope lake. Tukibishana kuhusu mabwawa huwa tunaulizana maji yamebaki kiasi gani. Ni nadra mtu kuuliza yanakuja lini, na yanakuja yakoje.

Nianze na nilichokiona kwa macho yangu. Miaka kadhaa iliyopita nilikaa siku tatu kando ya mto mmoja, kilomita chache chini ya bwawa la umeme. Jioni maji yalikuwa yamejaa hadi kwenye mizizi ya miti, maana saa hizo watu wamerudi majumbani, umeme unahitajika na mitambo yote inazunguka. Usiku wa manane yakaanza kushuka. Alfajiri nilipotoka, ukanda wa mawe wa hatua kumi hivi ulikuwa wazi, bado umelowa. Nikainama nikageuza jiwe moja. Upande wa chini lilikuwa na utando wa ute uliojaa vidoa vyeupe vidogo kuliko punje ya mtama: mayai ya wadudu wa majini. Pembeni kulikuwa na kidimbwi kisichozidi sinia, na ndani yake vifaranga vya samaki kama ishirini vikizunguka vikitafuta pa kutokea. Kufika saa nne jua lilikuwa limeshapanda. Ule ute ulikuwa umekauka, unabanduka kama gamba la kidonda. Kidimbwi kilikuwa kimebaki unyevu tu, na kunguru walishapita. Jioni maji yakarudi palepale kwenye mizizi.

Ukipiga hesabu ya siku ile, mto haukupoteza hata ndoo moja. Maji yote yalipita. Sasa zidisha asubuhi ile kwa siku 365, kwa miaka arobaini.

Kwenye mto Colorado kule Marekani, chini ya bwawa la Glen Canyon, watafiti walilichunguza jambo hili kwa subira ya ajabu. Waliwapa wasafiri wa maboti taa ndogo na chombo cha kutegea wadudu, na kila jioni wasafiri wakawa wanaweka mtego kando ya mto ndani ya korongo la Grand Canyon. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Wadudu wengi wa mtoni hutaga jioni, ukingoni kabisa, kwenye mstari ambapo maji yanagusana na jiwe. Pale maji yanapopanda na kushuka kila siku kufuata matumizi ya umeme, mayai huachwa juu na kukauka kabla hayajaanguliwa. Ndiyo maana makundi ya wadudu yanayojaa kwenye mito mingine ya aina ile yamekuwa adimu humo. Na mdudu akikosekana, samaki anakosa chakula, popo anakosa, ndege wa kando ya mto anakosa, buibui naye hana cha kunasa. Kitu chenye ukubwa wa punje kinaamua nani ataishi kwenye bonde zima.

Nitaendelea na habari ya mafuriko na tope. Mwenye la kuongeza karibu.

Mkondo wa Chini (mleta uzi)

Naendelea.

Neno mafuriko sisi tunalisikia kama balaa, na aliyepoteza nyumba ana haki ya kulisikia hivyo. Kwa samaki wa mito ya tambarare, furiko ni mwaliko. Maji yakianza kupanda na kubadilika rangi, samaki hupata ishara ya kutoka kwenye mkondo na kuingia kwenye uwanda uliofunikwa. Huko maji ni haba kina, yana joto, yamejaa majani yanayooza na vijidudu, na samaki wakubwa walao wengine hawafiki kirahisi. Hapo ndipo mazalia. Maji yakipungua, vifaranga walionenepa hurudi mtoni nayo. Uwanda nao hubaki na tope jipya, nyasi huota, wanyama walao nyasi hushuka kuzifuata.

Mfano mkubwa kuliko yote ninaoujua ni Tonle Sap huko Kambodia. Kila msimu wa mvua mto Mekong hujaa kiasi kwamba mto unaotoka kwenye ziwa lile hugeuka na kutiririka kinyumenyume, ukirudisha maji ziwani. Ziwa hupanuka mara kadhaa na kuingia msituni, na samaki huogelea katikati ya miti. Mamilioni ya watu hula kutokana na pumzi hiyo ya mto. Mabwawa ya juu huzuia sehemu ya maji ya masika na kuyatoa kiangazi, kwa hiyo kilele kinashuka na maji ya kiangazi yananyanyuka. Kwa mhandisi huko ni kusawazisha. Kwa samaki ni kama mwaka usio na masika.

Wa pili ni uwanda wa Kafue nchini Zambia. Kuna swala wa majimaji pale, lechwe wa Kafue, ambaye hapatikani popote pengine duniani. Maisha yake yote yako kwenye ukingo wa furiko: maji yakipanda anarudi nyuma, yakishuka anayafuata kula nyasi mbichi zinazofunuliwa. Bwawa la Itezhi-Tezhi lilipokamilika miaka ya 1970, ukingo huo uliacha kutembea kama zamani. Sehemu nyingine zikawa na maji mwaka mzima, nyingine zikakauka na kuvamiwa na vichaka vya mimosa vyenye miiba. Idadi ya lechwe imeshuka sana tangu hapo, ingawa ujangili nao umechangia na sitaki kuuficha. Kinachonigusa kwenye kisa cha Kafue ni kwamba wasanifu waliliona jambo hili kabla. Bwawa lilijengwa kubwa zaidi ili kila Machi liweze kutoa meta za ujazo 300 kwa sekunde kwa wiki nne, liige furiko. Yaani miaka ile tayari mtu aliketi na kalamu akaupangia uwanda maji yake. Wiki nne hazikutosha kuiga furiko la miezi, lakini nia ilikuwepo kwenye mchoro wenyewe.

Sasa tope. Maji yakiingia kwenye ziwa la bwawa hupoteza mwendo, na mashapo yote hushuka chini: mchanga kwanza, mwishoni ule udongo laini. Yanayotoka kwenye mitambo ni maji safi kama ya kioo. Wengi husifia usafi huo. Maji ya namna hiyo yana nguvu ya kubeba mzigo ila hayana mzigo, basi huuchota popote yanapoupata, kwenye sakafu ya mto na kwenye kingo. Mto unachimbika kwenda chini, fukwe za mchanga zinaliwa, uwanda unabaki juu, na furiko dogo haliufikii tena.

Misri imeona mwisho wa njia hiyo. Kabla ya Bwawa Kuu la Aswan, Nile ilikuwa ikishusha zaidi ya tani milioni 100 za udongo kwa mwaka. Maji yalipoanza kuzuiwa mwaka 1964, udongo huo ukaanza kubaki ziwani. Pwani ya delta, hasa kwenye mdomo wa Rashid, ikaanza kuliwa na bahari kwa sababu hakuna kilichokuja kujaza. Na samaki wa baharini nao wakaguswa, jambo ambalo wengi hawalitarajii. Furiko la Nile lilikuwa likimwaga rutuba baharini kila mwisho wa kiangazi, vijimea vya kijani vya majini vinachanua na dagaa wa Mediterania wanafuata. Uvuvi wa dagaa hao ulikuwa karibu tani 18,000 mwaka 1962. Kabla muongo haujaisha ulikuwa umebaki tani mia chache. Baadaye uvuvi wa eneo lile ulirudi juu, na rutuba inayoulisha sasa inatoka kwa sehemu kubwa kwenye mbolea za mashambani na majitaka ya miji. Siwezi kukuita huko kupona.

Fundi Mitambo

Mkuu Mkondo wa Chini, hongera kwa uzi. Mimi nafanya kazi kwenye kituo cha kufua umeme wa maji, mwaka wa kumi na mbili huu, kwa hiyo nimeusoma nikiwa nimekunja uso.

Nina hoja mbili. Ya kwanza, mabwawa pia yanaleta uhai. Nenda kwenye ziwa la bwawa la Kariba, mto Zambezi, uone: tai wavuvi, mamba, viboko, samaki wa kulisha miji. Lile ziwa lina ukubwa wa kilomita za mraba zaidi ya 5,000. Ya pili, unapozungumza kupanda na kushuka kwa maji, elewa kwamba sisi hatufungui milango kwa kupenda. Mahitaji ya gridi yakipanda tunaagizwa tupandishe, yakishuka tunashusha. Umeme wa makaa hauwezi kufanya hivyo kwa dakika chache, sisi tunaweza. Hiyo ndiyo thamani yetu.

Mkondo wa Chini (mleta uzi)

Fundi, nashukuru umekuja, nilikuwa naogopa uzi utajaa watu wa upande mmoja.

Kuhusu Kariba uko sahihi kwamba kuna uhai mwingi. Angalia ni uhai gani. Ziwa lilipoanza kujaa mwishoni mwa 1958, samaki wa Zambezi walikuwa samaki wa mkondo. Hawakuwa na mazoea ya kuishi katikati ya maji mapana yaliyosimama, kwa hiyo sehemu kubwa ya ziwa ilibaki tupu. Ndiyo maana miaka ya 1967 na 1968 walileta dagaa kutoka Ziwa Tanganyika, wale wanaoitwa kapenta kule. Samaki anayelisha Kariba leo ni mgeni aliyesafirishwa. Na wanyama wa nchi kavu waliokuwa bondeni walikwama kwenye vilima vilivyogeuka visiwa. Waokoaji wakawatoa takriban 6,000, kwa maboti na kwa kamba. Hao ni waliookolewa. Bwawa la Balbina kule Brazili, lililoanza kuzuia maji mwaka 1987, liliacha visiwa zaidi ya 3,500 vya msitu, na watafiti waliovipitia baadaye walikuta visiwa vingi vidogo vimepoteza karibu wanyama wote wakubwa. Kisiwa hakina pa kukimbilia ukame, moto wala mwindaji.

Basi ziwa linaongeza viumbe wa ziwani na kuondoa wa mtoni. Viumbe wa ziwani wana maziwa mengine duniani. Lechwe wa Kafue ana Kafue tu.

Hoja yako ya pili nitairudia chini, maana ndiyo ngumu kuliko zote humu.

Kijana wa Baolojia

Mkuu, kuna kitu hujakigusa: joto la maji. Na pia nauliza, zile ngazi za samaki zinazojengwa pembeni ya kuta hazitoshi? Darasani tulifundishwa kwamba tatizo la samaki wahamaji lilishatatuliwa.

Mkondo wa Chini (mleta uzi)

Asante kwa kunikumbusha joto.

Bwawa refu kwenda chini hujipanga matabaka. Juu kuna maji yaliyopigwa jua, mepesi, yenye hewa. Chini kuna maji mazito ya baridi, giza, na mara nyingi hewa ya oksijeni imekwisha kwa sababu ya vitu vinavyooza. Mdomo wa kuingizia maji kwenye mitambo kwa kawaida uko chini. Kwa hiyo mto unapokea maji ya vilindini katikati ya kiangazi. Colorado kabla ya 1963 ulikuwa ukikaribia kuganda majira ya baridi na kuvuka nyuzi 25 za Selsiasi majira ya joto. Baada ya milango ya Glen Canyon kufungwa, kwa miongo mingi maji yaliyotoka yalikuwa nyuzi 8 hadi 10 hivi mwaka mzima. Samaki wa mto ule walihitaji joto la kiangazi ili wazae na vifaranga vikue. Mla-samaki mkubwa wa humo, aliyewahi kufikia urefu wa mtu mzima, hayumo tena ndani ya Grand Canyon. Ukumbuke pia jina lenyewe la Colorado ni la Kihispania na linataja wekundu, kutokana na tope. Leo chini ya bwawa lile mto ni wa kijani.

Na mambo hayarudi nyuma kirahisi. Ziwa Powell, lile la nyuma ya ukuta wa Glen Canyon, liliposhuka sana kwa ukame, maji ya juu yenye joto yakaukaribia mdomo wa mitambo, mto ukapata joto tena. Mwaka 2022 wakagundua samaki wageni walao wenzao wamepenya kutoka ziwani na wanazaliana chini ya ukuta. Joto limerudi likiwa limeandamana na adui.

Kuhusu ngazi, kijana, zimesaidia mahali fulani kwa samaki fulani. Samoni ni mrukaji, hupanda. Samaki mkubwa anayeogelea karibu na sakafu hata mlango wa ngazi haoni. Halafu hata akipanda, juu anakuta ziwa lisilo na mkondo wa kumwonyesha njia. Na watoto wake watashukaje? Samaki aitwaye mkunga ndiye mfano wa kuhuzunisha. Huzaliwa baharini, hupanda mitoni akiwa mwembamba kama uzi, hukaa miaka mingi kwenye maji matamu, kisha hushuka kwenda kuzaa baharini mara moja tu na kufa. Anaposhuka ni mrefu, na kadiri alivyo mrefu ndivyo mapanga ya mitambo yanavyompata.

Kuna samaki aliyeishi kwenye mto Yangtze nchini China, wengine walimwita samaki-upanga kwa ajili ya pua yake ndefu bapa. Alikuwa mmoja wa samaki wakubwa kabisa wa maji matamu. Alikuwa akipanda juu sana ya mto kuzaa. Bwawa la Gezhouba lilikata njia hiyo mwaka 1981, na uvuvi ukammalizia. Januari 2003 wavuvi walimnasa jike mmoja. Wataalamu wakamtibu, wakamfunga kifaa cha kumfuatilia, wakamwachia mtoni. Muda mfupi baadaye mawasiliano na kifaa yakapotea. Hakuna aliyemwona mwingine hai tena. Mwaka 2022 alitangazwa rasmi kuwa ametoweka duniani. Mimi huwa namfikiria jike yule kuliko takwimu yoyote.

Dada wa Zamu

Mimi ni muuguzi, sijui mambo ya samaki sana. Nichangie la kichocho. Tulifundishwa kwamba mradi wa maji ukija, kichocho huja nyuma yake. Ni kweli kwa sababu ya mabwawa, au ni watu kuongezeka tu?

Mkondo wa Chini (mleta uzi)

Dada, swali zuri sana. Watu kuongezeka kunachangia, lakini kisa cha mto Senegal kinaonyesha kiini chake.

Bwawa la Diama lilikamilika mwaka 1986 karibu na mdomo wa mto ule, kuzuia maji ya chumvi yasipande. Maji yakawa matamu mwaka mzima na yametulia, mifereji ya mashamba ya miwa ikajaa magugu. Konokono wanaobeba vijidudu vya kichocho wanapenda mazingira hayohayo. Mwaka 1988 kichocho cha tumbo kiligundulika mjini Richard-Toll, mahali ambapo hakikuwa kikijulikana, na kikaenea kwa kasi ya kutisha. Sehemu ya pili ya kisa ndiyo ya wanyamapori: mtoni kulikuwa na kamba wa maji matamu wanaokula konokono. Kamba hao lazima washuke kwenye maji yenye chumvi ili watoto wao wakue, kisha warudi juu. Ukuta ukawafungia njia. Kwa hiyo konokono walipewa makao bora, na adui yao akaondolewa siku hiyohiyo. Watafiti wamejaribu kuwarudisha kamba kwenye sehemu za kuogea za vijiji, na walikofanya hivyo konokono wenye vijidudu na maambukizi vilipungua. Kamba anafanya kazi yako, dada.

Mwana wa Maporomoko

Nashangaa hadi sasa hakuna aliyemtaja chura wa Kihansi. Au tunamwonea aibu?

Mkondo wa Chini (mleta uzi)

Nilimbakiza makusudi, mkuu, kwa sababu wengi hukisikia kisa chake kama kichekesho, eti umeme wa taifa na chura. Mimi naona ni somo zito.

Maporomoko ya Kihansi yako kwenye milima ya Udzungwa, Tanzania. Maji yalikuwa yakianguka na kupiga miamba kwa nguvu, na manyunyu yake yakailowesha miteremko ya korongo usiku na mchana. Kwenye manyunyu hayo, eneo la kama hekta mbili tu, aliishi chura wa rangi ya dhahabu asiyefika sentimeta tatu. Hatagi mayai majini kama vyura wengi. Jike huzaa vitoto vilivyokamilika, vidogo ajabu. Sayansi ilimgundua mwaka 1996, ujenzi wa mradi ukiwa tayari unaendelea. Mitambo ya megawati 180 ilipoanza kazi kuelekea mwaka 2000, karibu asilimia 90 ya maji yalipelekwa kwenye handaki, na manyunyu yakakatika.

Mwisho wa mwaka 2000 vyura 499 walisafirishwa hadi bustani ya wanyama ya Bronx Zoo, New York. Kule korongoni wakatandaza mabomba ya kunyunyiza maji kama ya bustani. Yalisaidia, vyura waliongezeka hadi kufikia maelfu katikati ya 2003. Kisha ndani ya miezi michache wakaanguka karibu wote, na ugonjwa wa ukungu unaoshambulia ngozi za vyura ukakutwa. Mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Waliozaliwa ughaibuni walianza kurudishwa Dar es Salaam mwaka 2010, na mwaka 2012 kundi la kwanza likarejeshwa korongoni.

Rudi kwenye hoja yangu ya mwanzo. Yale manyunyu hakuna aliyeyahesabu. Kwenye hesabu za mradi maji yalikuwa ya aina mbili: yanayozungusha mitambo na yanayopita bure. Yale yaliyopita bure ndiyo yaliyokuwa makao ya kiumbe asiye na makao mengine duniani.

Fundi Mitambo

Nimesoma yote. Sasa nipe jibu la hoja yangu ya pili. Ukiwa wewe uko chumba cha kuongozea mitambo, ungefanya nini? Tubomoe?

Mkondo wa Chini (mleta uzi)

Mengine ndiyo, tubomoe. Duniani kuna mabwawa makubwa zaidi ya 58,000, na utafiti wa mwaka 2019 ulikuta asilimia 37 tu ya mito inayozidi kilomita 1,000 bado inatiririka huru mwanzo hadi mwisho. Miongoni mwa hayo mabwawa yako yaliyozeeka, yaliyojaa mchanga, yanayozalisha umeme kiduchu. Kwenye mto Elwha, jimbo la Washington, kuta mbili za 1913 na 1927 zilijengwa bila njia yoyote ya samaki. Samoni wakabaki na kilomita 8 hivi za mwisho wa mto kwa karibu karne. Zilibomolewa kati ya 2011 na 2014. Mchanga uliokuwa umefungiwa ukashuka na kujenga ufukwe mpya mdomoni, na samoni wakapita kwenda juu. Kwenye mto Klamath, hukohuko Marekani, kuta nne ziliondolewa, kazi ikaisha Oktoba 2024, na mwezi huohuo samoni walionekana juu ya zilipokuwa.

Lakini bwawa lako najua halibomolewi, wala sikuombi hilo. Jibu langu kwako liko kwenye ratiba. Kule Cameroon, bwawa la Maga la mwaka 1979 lilikausha uwanda wa Waza-Logone. Mwaka 1994 walifungua tuta sehemu moja waone itakuwaje. Nyasi za kudumu zikarudi, samaki wakarudi, ndege wa majini wakarudi. Glen Canyon nao, mwaka 1996 waliachia furiko la siku saba kujenga upya fukwe za mchanga. Na kuanzia 2018, kwa ajili ya wale wadudu niliowataja, walijaribu jambo jepesi mno: Mei hadi Agosti, mwisho wa wiki, wakati matumizi ya umeme ni madogo, maji yaliachwa chini na yakatulia bila kupanda na kushuka. Mayai yaliyotagwa siku hizo yalibaki majini hata wiki ilipoanza. Kundi moja la wadudu liliongezeka waziwazi tangu msimu wa kwanza. Siku mbili kwa wiki tu!

Fundi Mitambo

Hiyo ya mwisho wa wiki sikuwahi kuisikia, na siongopi, ni kitu tunachoweza kukizungumza kazini. Mwisho wa wiki mashine mbili kwetu huwa zimelala.

Vipi kuhusu wale vifaranga wa kidimbwini? Kwenye kushusha, tatizo ni kiasi au ni kasi?

Mkondo wa Chini (mleta uzi)

Vyote, ila kasi ndiyo iliyo mikononi mwako zaidi. Maji yakishuka taratibu, kifaranga huhisi ukingo unasogea na hurudi nao kwenye mkondo. Yakishuka ghafla, hujikuta amezingirwa na mawe. Norwei walifanya majaribio kwa vifaranga wa samoni wakaona kushusha polepole kunapunguza sana wanaokwama. Wakaona na hili: majira ya baridi vifaranga hujificha katikati ya changarawe mchana na hutoka usiku, kwa hiyo ukishusha maji mchana unawaacha humohumo mafichoni mwao. Usiku wako macho, wanaondoka.

Samaki wa mto wako wanaweza kuwa na tabia nyingine kabisa. Ili kuijua, mtu inabidi ashuke kule chini na tochi, usiku mmoja mnaposhusha na mchana mmoja, ahesabu vidimbwi na waliomo. Hatua mia mbili za ukingo zinatosha kuanzia, na ziwe zilezile kila mara.

Fundi Mitambo

Upande wa kulia kuna njia hadi kwenye mawe. Jumamosi tunashusha saa tano usiku. Nitaleta hesabu humuhumu.